Debe la Saa Nne

Siku ya tatu ya Ramadhani, saa nne asubuhi, Badria alikuwa amejifungia sebuleni na baba yake. Mlango umekomewa, pazia limeshushwa, feni imesimama kwa sababu umeme ulikatika tangu alfajiri. Joto la Kariakoo la mwezi wa tatu halihitaji kusimuliwa. Mkono mmoja ameshika kidonge, mkono wa pili kikombe cha maji, na masikio yote mawili yako nje barazani, kusikiliza kama kuna mtu anakuja.

"Meza, baba. Muda umepita."

"Nimefunga mimi."

"Hii haivunji funga. Sheikh kasema."

"Sheikh gani huyo?"

"Sheikh wetu wa msikitini. Si ulimsikia mwenyewe?"

Uongo mtupu. Alichokisema sheikh, tena akiwa amekaa kwenye kochi hilohilo mwishoni mwa Shaabani, ni kwamba mgonjwa wa aina hii funga imemwondokea. Ale, anywe dawa zake, na kwa kila siku moja alishwe masikini mmoja. Baba, Mzee Mbaruku, akaitikia kwa kichwa, akashukuru, na kabla ya alasiri alikuwa ameshasahau. Tangu mwezi uandame, kila alfajiri anaamka na nia yake ya kufunga, na kila saa nne Badria anamdanganya. Kumweleza ukweli upya kila siku, auone uso ule ukivunjika upya kila siku, hapana, hakuwa na moyo huo.

Mzee akafungua kinywa. Mkono wake wa kulia ulikuwa unacheza juu ya goti, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayehesabu tasbihi. Ugonjwa wa Pakinsoni ulikuwa na mwaka wa sita mwilini mwake, na tangu mwaka juzi ulikuwa umepanda mpaka kwenye kumbukumbu. Dawa yake ni vidonge vinne kwa siku: saa kumi na moja alfajiri, saa nne, saa nane, na saa moja usiku. Kidonge kikimkolea anatembea, anatania, anafunga vifungo vya kanzu mwenyewe. Kikimwishia anakakamaa, na akili nayo inaaga. Ndiyo maana daktari alimwambia Badria maneno ambayo hakuyasahau: "Mama, kwa baba yako, saa ndiyo dawa yenyewe."

Akameza. Maji mengine yakamtiririkia kidevuni. Badria akampangusa harakaharaka kwa ncha ya kanga, akafungua komeo, akamshika mkono wakatoka barazani. Hapo ndipo riziki yake ilipo: cherehani moja, na wanawake wanaotoka kununua kanga madukani humletea azikate na kuzipinda. Baba hukaa pembeni kwenye kiti chake, akiwasalimia wapita njia. Mtaa mzima unamjua.

Mbele ya baraza, hatua tatu hivi, Idrisa alikuwa amepanga meza yake ya tende. Idrisa ni mtu mzima, ana wake wawili na mvi za kutosha, lakini mdomo wake haujawahi kukua. Alimtazama Mzee mara moja tu, akaona ndevu nyeupe zinang'aa kwa maji.

"Loo! Jamani, kobe huyo! Kakamatwa mchana kweupe!"

Kwa asiyejua, kobe ni mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. Ni utani, na mara nyingi wanaotaniwa ni vijana wenye matumbo yasiyo na subira. Wachuuzi wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Na ya barafu hayo!" Mwingine akaongeza, "Mzee wetu naye, na ndevu zote hizo!" Si kwamba walikuwa na chuki naye. Walikuwa na kiu, na mwenye kiu akimwona aliyekunywa, ulimi humponyoka.

"Kobe nani?" Mzee aliuliza.

"Hakuna, baba. Wanataniana wenyewe."

"Kanitazama mimi."

Akapeleka mkono wake kidevuni. Ukagusa, ukarudi, ukagusa tena. Akavitazama vidole vilivyolowa, na Badria akamwona yule baba yake wa zamani, mwenye akili zake zote, akifika na kuelewa. Siku ile Badria alitamani asingefika.

Na tuseme ukweli, kama kuna mtu ambaye mtaa ule haukuwa na haki ya kumwita kobe, ni Mzee Mbaruku. Ramadhani thelathini na moja yeye ndiye aliyewaamsha watu kula daku. Alikuwa na debe la mafuta alilolitoboa na kulitia kamba, analining'iniza shingoni, anazunguka kutoka Msimbazi mpaka karibu na Mnazi Mmoja anapiga: ko! ko! ko-ko-ko! "Daku! Daku! Mwenye chakula ale, asiye nacho anywe maji!" Halipwi na mtu. Siku hizi watu wanaamshwa na simu zao, na debe limetundikwa sebuleni kwenye msumari. Lakini Idrisa huyohuyo amekula daku ya debe lile tangu alipokuwa anafunga nusu siku na kusifiwa.

Saa nane Badria alipomwita ndani, Mzee aliuma meno.

"Baba, fungua mdomo."

"Sifungui."

"Utakakamaa."

"Nikakamae. Kobe mimi siwi."

Hakumeza. Ilipofika magharibi alikuwa ameganda kitini, na uji wa futari Badria alimnywesha kwa kijiko, mmoja mmoja, mpaka ukapoa.

* * *

Abubakary, kaka mkubwa wa Badria, alifika baada ya futari, kanzu imepigwa pasi, manukato yanamtangulia. Ana duka la jumla la mazulia mtaa wa tatu kutoka pale, na ni mtu mwema, asisingiziwe. Dawa za baba ananunua yeye. Mchele wa kuwalisha masikini badala ya funga ya baba ameshaupeleka msikitini, wa mwezi mzima, bila kutangaza. Ila ana ugonjwa wake mmoja: anaogopa macho ya watu.

"Dukani wananiuliza," alisema kwa sauti ya chini, baba asisikie. "Eti, Abubakary, mzee wako anakula mchana? Nimjibu nini mtu?"

"Mjibu anaumwa."

"Ukishaanza kuelezaeleza umeshadhalilika, Badria. Mimi nilikwambia umsitiri."

"Namsitiri mpaka natoka jasho, kaka. Ulitaka nimtie kabatini?"

"Kwa siku anakula vidonge vingapi?"

"Vinne."

"Basi! Viwili daku, viwili futari. Si vinne vilevile? Mchana kutwa anakaa barazani kama watu wengine, hakuna wa kumnyooshea kidole. Na yeye mwenyewe roho itamtulia, maana atakuwa kafunga kweli."

"Daktari kasema twende na saa."

"Daktari hakai Kariakoo."

Badria alijua si sawa. Tusimpambe; alijua kabisa. Lakini siku tatu za kujifungia na kikombe zilikuwa zimemchosha, na lile neno la Idrisa lilikuwa bado linamchoma. Isitoshe, nani hafanyi hivyo? Ramadhani ikiingia, dawa za mtaa mzima huhamia usiku: za presha, za sukari, za kifua. Kutwa mara tatu inakuwa usiku mara tatu, na watu wanamshukuru Mungu, maisha yanaenda. Wengine hawaamki, lakini hao huwa hawatolewi mfano.

"Sawa," akasema. Alijichukia kabla hata hajafunga mlango nyuma ya kaka yake.

* * *

Siku ya kwanza ya utaratibu huo Mzee alifurahi. Alikula daku yake, akameza vidonge viwili kwa mkupuo, akanuia kwa sauti mpaka jirani akasikia. Kulipokucha mwili ukaanza kujinyonganyonga wenyewe, shingo huku, mabega kule, mikono haitulii. Akawasalimia watoto waliokaa juu ya kabati, na juu ya kabati palikuwa na masufuria tu. Akamwuliza mkewe, marehemu wa mwaka wa tisa, kwa nini hajavaa viatu. Ilipofika saa tano vyote vikazimika, akawa gogo. Mate yanamtoka, kope hazipepesi.

Wapita njia wakasema, "Mashaallah, Mzee leo katulia."

Badria akampigia simu kaka yake. "Mwili unazoea," Abubakary alijibu. "Mpe siku tatu."

Siku ya tatu, saa saba na nusu mchana, Badria alikuwa ameinama kwenye cherehani na doti kumi na mbili za kanga za mteja mwenye harusi. Baba alikuwa amelala ndani. Usingizi wakati mwingine humrudishia miguu kwa muda mfupi, bila dawa wala nini, na Badria hilo alilisahau. Aliposikia ko! ko! ko-ko-ko! alidhani ni fundi bati. Kisha akasikia sauti.

"Daku! Daku! Mwenye chakula ale! Alfajiri hiyo!"

Mzee alikuwa ametokea mlango wa uani. Kavaa msuli na fulana, debe shingoni, anashika njia ya Msimbazi chini ya jua la utosi. Watu wakavunjika mbavu. Simu zikatoka mifukoni. "Mzee, futari yenyewe bado, wewe unaleta daku!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikapokewa duka hadi duka. Badria akaziacha kanga za watu zikaanguka chini, akakimbia pekupeku.

Alimkuta katikati ya barabara. Debe limenyamaza. Mguu wa kushoto uko mbele, kisigino cha kulia kimenyanyuka, na hapo ndipo mwili ulipogoma. Nyuma yake mkokoteni wenye marobota ya mitumba umesimama, nyuma ya mkokoteni bajaji, nyuma ya bajaji kirikuu ya mizigo, na wote wanapiga honi.

"Mtoe mzee wako, mama! Tunaungua na mzigo hapa!" msukuma mkokoteni alifoka.

"Twende, baba."

"Miguu haitaki," Mzee alinong'ona. "Wameigandisha chini, mwanangu."

Akamvuta. Mzee akainama mzimamzima, nusura amwangukie. "Mbebeni!" mmoja akashauri. "Hayo mashetani, mwiteni ustadhi!" mwingine akasema. Na wenye simu hawakuzishusha.

Badria hakujua wazo lile alilitoa wapi. Labda utotoni, alipokuwa akimfuata baba yake nyuma, akipanga hatua zake ndogo juu ya mlio wa debe. Akalivua shingoni mwa baba, akaokota fimbo yake ya kupigia iliyoanguka, akapiga. Ko. Ko. Ko-ko-ko. Polepole, vilevile alivyokuwa akipiga baba mwenyewe. Kisigino cha kulia kikashuka. Ko. Mguu ukanyanyuka. Ko. Mzee akapiga hatua moja, akapiga ya pili, macho kayatoa kwa mshangao kama mtu aliyefunguliwa pingu.

Basi wakarudi hivyohivyo. Mwanamke mtu mzima, mtandio umebaki kwenye cherehani, kichwa wazi, anapiga debe mchana wa Ramadhani, na baba yake anatembea nyuma ya mlio. Waliokuwa wanarekodi wakaendelea kurekodi. Rekodini, Badria alisema moyoni. Rekodini na uso wangu muuonyeshe vizuri. Aibu nayo ina mahali ikifika inageuka hasira, na hasira ile ilimnyoosha mgongo mpaka barazani.

* * *

Aliyewapokea barazani ni Josepha, Mama Nice kama anavyoitwa, Mchaga mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameshavuka, na maji mkononi.

"Dawa kapata saa ngapi?"

"Daku."

"Daku ya saa kumi? Mpaka saa hizi?"

"Nilimpa viwili pamoja."

"Nani kakuambia ufanye hivyo?"

Badria akamkalisha baba yake kitini.

"Mdogo wangu, dini yako mimi siijui sana, lakini kidonge hiki nakijua. Hakisubiri adhana. Ukikirundika kinamrusha akili, ukikichelewesha kinamwangusha. Mzee angekufa pale barabarani, na lawama angepewa mwenye mkokoteni."

Maneno makali, na yote ya haki. Badria akaingia ndani, akatoka na kidonge. Mama Nice akausukuma mlango wa sebuleni kuwafungulia, maana hata yeye alishazoea kuwaona wakiingia kujificha.

"Hapana," Badria alisema. "Hapahapa."

Akamnywesha barazani, jua linawaka, Idrisa yuko hatua tatu mbele yake, na aliyetaka kutazama akatazama. Idrisa akafungua mdomo.

"Sema," Badria alimwambia. "Leo sema lote, nikujibu."

Idrisa akaanza kuzipanga tende ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Haikupita nusu saa gari ya Abubakary ikasimama mbele ya nyumba. Video ilikuwa imemfikia dukani kabla wao hawajafika barazani. Alishuka, hata salamu hakuna.

"Mfungashie nguo zake. Naenda naye kwangu Mbagala. Nyuma kuna chumba, kina choo chake, kina feni. Atakaa humo mpaka Idi ipite."

"Kinafungwa kwa ndani au kwa nje?"

"Usinifanyie kejeli, Badria! Umeona anavyochekwa? Baba yangu mimi! Watu elfu ngapi wameshamwona na msuli, anaita daku saa saba mchana?"

"Nimeona. Mimi nilikuwapo. Wewe umeona kwenye simu."

"Nataka kumsitiri."

"Anayesitiriwa ni maiti, kaka. Baba yuko hai." Sauti ilimpanda, na hakuishusha, ingawa wateja walikuwa wamesimama wanasikiliza. "Yaliyotokea leo hayakuletwa na maradhi peke yake. Tumeyaleta mimi na wewe, na hesabu yako ya viwili daku viwili futari. Mimi nimekosa, nimekiri. Baba hatoki hapa. Atakaa kwenye kiti chake, mbele ya watu wake, na dawa yake kwa saa yake. Ukitaka kumchukua, nichukue na mimi, na cherehani, na baraza nzima."

Abubakary akainua mkono. Labda alitaka kupiga, labda alitaka kulia. Hata mwenyewe asingejua. Mkono ulibaki hewani kwa sababu kule kitini Mzee alikuwa amezungumza.

"Ramadhani ngapi leo?"

Wote wakageuka. Dawa ilikuwa imemkolea. Macho yalikuwa yamerudi na mwenyewe ndani yake.

"Sita, baba," Badria alisema.

"Nimefunga?"

Abubakary akamtazama dada yake, akainamisha kichwa kidogo sana, kumwomba. Sema ndiyo. Ni neno jepesi, na lingemaliza mambo. Badria mwenyewe alikuwa amelisema siku tatu mfululizo bila kukwama. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Hujafunga, baba. Unaumwa, na dawa yako ni ya mchana. Sheikh kasema funga imekuondokea. Mimi nilikudanganya."

Uso ukavunjika, vilevile alivyouogopa. Midomo ikamtetemeka Mzee, na mtetemeko ule haukuwa wa Pakinsoni.

"Hata hizi za juzi?"

"Hizo ulikaa na njaa, baba, ukaumia bure. Kosa letu sisi."

Akalia. Alilia waziwazi kama wazee wanavyolia, bila kujifunika. Badria akamwacha alie. Hakumwambia nyamaza, hakumwambia haya basi. Wateja wakatazama pembeni. Kisha Mzee akavuta pumzi.

"Na fidia? Masikini wangu wamekula?"

"Nimeshaipeleka yote, baba," Abubakary alidakia. "Tangu Ramadhani mosi. Kimyakimya, hakuna mtu aliyejua."

"Kimyakimya kwa nini? Nimeiba?"

Abubakary akazigeuzageuza funguo za gari mkononi.

"Nimewaamsha watu hawa miaka thelathini na moja, kwa kelele," Mzee alisema, na kila neno alilitafuta kabla ya kulitoa. "Mungu kaniruhusu kula. Nyinyi mnanilisha vichochoroni kama paka mwizi. Debe langu liko wapi?"

* * *

Ingependeza kusema kwamba tangu siku ile Mzee Mbaruku alikumbuka. Hakukumbuka. Alfajiri iliyofuata alinuia kufunga kama kawaida yake. Saa nne kasoro robo Badria akapiga magoti mbele ya kiti, barazani, akamweleza upya. Uso ukavunjika upya. Mzee akalia kidogo, akauliza masikini wake wamekula, akaambiwa wamekula. Badria akamwekea debe mapajani. Mkono ule wa kulia, usiotulia tangu mwaka wa kwanza wa ugonjwa, ukaishika fimbo.

Ko! Ko! Ko-ko-ko!

"Dawa! Dawa! Mwenye afya afunge, mwenye maradhi ameze!"

Ikawa hivyo kila siku, saa nne na saa nane. Wapo waliocheka. Wapo waliorekodi. Bwana mmoja mwenye kilemba alisimama akasema huko ni kuuvunjia heshima mwezi mtukufu. Badria, pini mdomoni na kanga mkononi, akamwambia aende akalete aya inayomtaka mgonjwa ajifiche. Mpaka leo hajarudi. Mama mmoja mnene, mteja wa kanga, alimsikiliza Mzee mpaka mwisho, kisha akaketi pale pembeni, akafungua mkoba wake, akatoa sindano yake ya sukari. "Mwaka wa tatu najichoma chooni," alisema. Akajichoma barazani, akalipia pindo, akaenda zake.

Idrisa naye, siku ya kumi na moja, Badria alipochelewa dakika tano kwa ajili ya mteja, alisikika akiita kutoka kwenye tende zake, "We Badria! Saa nne hiyo! Debe la mzee liko wapi?" Radhi hakuomba. Kwa Idrisa hiyo ndiyo radhi, na Badria aliipokea ilivyo.

Abubakary ndiye hakuonekana. Vidonge vilikuja kwa mfanyakazi wa dukani, vimefungwa vizuri, bila salamu. Badria hakupiga simu. Alikuwa na uchungu na kaka yake, na pia alimkumbuka, na yote mawili aliyameza pamoja na daku yake.

Siku ya kumi na saba, saa nne kasoro dakika chache, Badria alimwona. Amesimama ng'ambo, kwenye kivuli cha duka la Mama Nice, kanzu nyeupe pe, hanunui kitu. Badria akampa baba fimbo. Alikuwa amemaliza kumweleza baba, na baba alikuwa amemaliza kulia. Debe likalia, mwito ukatoka, na Mzee alipoinua macho atazame kama watu wamesikia, akamwona mwanawe.

"Abubakary!"

Barabara nzima ikasikia.

"Unajificha nini huko? Njoo ushike kikombe!"

Abubakary akatazama kushoto, akatazama kulia. Watu wa dukani kwake walikuwapo, wateja wake wa mazulia walikuwapo, Idrisa alikuwapo na mdomo wake. Akavuka. Akapita katikati ya mikokoteni, akapanda baraza, na Badria akamkabidhi kikombe, akampa baba kidonge, akarudi nyuma ya cherehani.

Mkono wa Mzee siku ile ulikuwa mbaya. Uliifunika mikono ya mwanawe juu ya kikombe, na mtetemeko ukahamia kwa wote wawili. Maji yakaruka. Yakalowanisha ndevu, yakalowanisha kifua cha kanzu iliyopigwa pasi. Abubakary hakukiachia kikombe. Mzee akaweka kidonge ulimini, akanywa, akameza, watu wakimwangalia.

"Ngoja nikupanguse, baba," Abubakary alisema kwa sauti ya chini, akatoa leso mfukoni.

Mzee akausukuma mkono wake pembeni.

"Ya nini? Yaache yakauke."

Akaegemea kiti, ndevu zinachuruzika maji, akawa anawasalimia wapita njia.